Kujitolea kwa wenye ukoma

Swali: Mimi ni muuguzi, Mombasa. Nataka kujitolea miezi mitatu kwa wenye ukoma Masasi au Newala, Tanzania. Sitaambukizwa?

Jibu: Hofu iondoe, dada. Mgonjwa akishaanza dawa mseto, anazopewa bure kwa miezi 6 au 12, haambukizi tena. Utakachohangaika nacho ni miguu iliyokufa ganzi: kuiloweka, kusugua sugu, kupaka mafuta, kupapasa ndani ya kiatu usije ukawamo msumari. Newala juu maji ni ya shida, hata ya kulowekea. Ulizia nafasi katika hospitali ya Ndanda, Masasi, na kibali cha ukaazi daraja C ukipate mapema. Miezi mitatu, kusema kweli, ni michache; wapo waliokuja wakabaki. Daktari Leader Stirling, Mwingereza wa misheni ya Lulindi, huko huko Masasi, alifika 1935. Mwaka 1975 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania.