Njia Ipo lakini Haipitiki: Kutafuta Mahali VPN Inapozuiwa

Mtumishi wa kituo cha afya kilicho mbali na mji, tuseme Kaliua au Sikonge, akihitaji kusoma majibu ya maabara ya mgonjwa aliyempa rufaa, huenda akapewa na hospitali njia maalumu ya kuingilia iitwayo VPN. Njia hiyo huanzia kwenye kompyuta yake, hupita juu ya intaneti ya kawaida na kuishia ndani ya mtandao wa hospitali. Yote yapitayo humo husimbwa kwa siri, hata mtu anayechungulia njiani asione ila herufi zisizosomeka. Siku njia hiyo inapokataa kufunguka, mgonjwa huambiwa kwamba mtandao unasumbua, naye hurudi nyumbani bila majibu. Mara nyingi kauli hiyo si sahihi. Mtandao upo, ukurasa wa habari unafunguka, ujumbe wa simu unaingia. Kilichofungwa ni mlango mmoja tu, na mlango huo unaweza kutafutwa.

Wenyeji wa Tabora wanajua tangu zamani kwamba njia inaweza kuwapo na bado isipitike. Mwaka 1871 misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe kama kawaida, lakini kutoka hapo kwenda Ujiji njia ilikuwa imezibwa na Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyekuwa vitani na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Bidhaa zilikwama. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, hakufika Ujiji mpaka alipozunguka kusini kupitia Ukonongo. Kabla ya hapo, katika nchi ya Ugogo, kila msafara ulikuwa umesimamishwa mara kadhaa ili utoe hongo. Neno hilo leo lina maana ya rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa njia uliojulikana na kila mpagazi. Mwenye msafara uliochelewa alikuwa na swali la kwanza la kuuliza: umekwama wapi? Fundi wa mtandao huanza na swali hilohilo.

Kati ya kompyuta ya zahanati na seva ya hospitali kuna vituo vya ukaguzi visivyopungua vitatu. Cha kwanza ni programu ya ulinzi iliyo ndani ya kompyuta yenyewe. Cha pili ni ruta ya ofisi, kile kisanduku chenye taa kinachogawa intaneti. Cha tatu ni ukuta wa ulinzi wa hospitali, ambao mafundi huuita faiawoli. Kila kituo hutazama pakiti za data zinazopita: zimetoka wapi, zinakwenda wapi, na zinataka mlango namba ngapi. Kurasa za kawaida za intaneti hutumia mlango 443, nao karibu kila mahali umeachwa wazi. VPN nyingi hutumia milango mingine. Zile za IPsec huhitaji milango 500 na 4500 ya UDP. OpenVPN kwa kawaida hutumia 1194, na WireGuard 51820. PPTP, ambayo ni ya zamani na ulinzi wake umekwisha kuvunjwa, hutaka mlango 1723 wa TCP pamoja na itifaki iitwayo GRE ambayo ruta nyingi ndogo haziipitishi vizuri. Hospitali ambayo ingali inatumia PPTP ina sababu mbili za kuiacha.

Jaribio lenye faida kuliko yote halihitaji utaalamu. Tenganisha kompyuta na ruta ya ofisi, washa intaneti ya simu yako, iunganishe kompyuta na simu hiyo, kisha jaribu VPN tena. Ikifunguka, basi kompyuta ni nzima, jina na nywila ni sahihi, na seva ya hospitali inafanya kazi. Mshtakiwa ni ruta ya ofisi au kampuni inayoleta intaneti hapo. Isipofunguka hata kwa simu, mpigie mwenzako wa kituo kingine umwulize kama yeye ameingia. Akiwa ameingia, tazama kompyuta yako na akaunti yako. Akiwa naye amekwama, tatizo huenda liko hospitalini, na hakuna utakachorekebisha wewe kwa kuzima na kuwasha ruta mara kumi.

Sikiliza pia namna unavyokataliwa. Kukataliwa papo hapo kuna maana tofauti na ukimya. Faiawoli iliyopangwa kurudisha jibu la hapana hukujulisha mara moja. Iliyopangwa kuzitupa pakiti bila jibu hukuacha ukisubiri nusu dakika au zaidi hadi programu ikate tamaa yenyewe. Ukimya mrefu basi ni dalili ya mlango uliofungwa njiani au seva iliyozimwa. Kukataliwa baada ya kuulizwa nywila ni dalili kwamba ulifika mpaka mlangoni, nako kunaiondolea lawama ruta.

Wanaotumia VPN iliyomo ndani ya Windows hupewa namba za makosa, nazo ni msaada mkubwa iwapo mtu atazinakili badala ya kuzifunga haraka. Namba 691 inahusu jina au nywila. Namba 868 husema kwamba jina la seva halikupatikana, hivyo kasoro iko kwenye utafutaji wa anwani. Namba 809 husema kwamba seva haikujibu, na mara nyingi chanzo chake ni ruta au faiawoli iliyoziba milango 500 na 4500. Namba 806 huja kwa wenye PPTP ambao GRE yao imezuiwa. Namba 789 huhusu makubaliano ya usalama yaliyoshindikana kabla nywila haijaulizwa, kama vile ufunguo wa pamoja uliokosewa.

Liko jambo dogo ambalo husahaulika, nalo ni saa ya kompyuta. Mashine ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hupoteza tarehe kila umeme unapokatika, ikarudi miaka mingi nyuma. VPN inayotumia vyeti vya usalama hutazama tarehe. Cheti kilichotolewa mwaka jana huonekana kwa mashine hiyo kama kitu ambacho bado hakijazaliwa, nacho hukataliwa. Kabla ya kulaumu ruta, tazama tarehe iliyo pembeni mwa skrini.

Tatizo gumu zaidi ni la VPN inayounganika lakini haifungui kitu. Hapa sababu mbili hutokea mara kwa mara. Ya kwanza ni anwani zinazogongana. Ruta nyingi huja kutoka kiwandani zikigawa anwani zinazoanza na 192.168.1 au 192.168.0. Mtandao wa hospitali ukitumia anwani hizohizo, kompyuta ya zahanati inapoitafuta seva huitafuta humohumo chumbani, kama mbeba barua anayeambiwa apeleke barua Mtaa wa Uhuru bila kutajiwa mji. Dawa yake ni kubadili safu ya anwani upande mmoja, na ni rahisi zaidi kuibadili zahanati yenye vifaa vitano kuliko hospitali yenye mamia.

Sababu ya pili ni ukubwa wa mzigo. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa takriban kilo 30, na mzigo uliozidi ulifunguliwa ukagawanywa kabla ya safari. Pakiti ya kawaida ya mtandao hubeba baiti 1500. VPN huifunga pakiti hiyo ndani ya gamba lake, nalo gamba lina uzito wake. Pakiti ikizidi kipimo cha njia, vituo vingine huitupa bila kutoa taarifa. Dalili yake hutambulika kwa urahisi: ukurasa wa kuingilia unafunguka, orodha ya wagonjwa inaonekana, lakini picha ya eksirei inaganda na haimaliziki. Fundi akishusha kipimo kiitwacho MTU hadi 1400, au 1300 kwa kujaribu, picha hiyo huenda ikafunguka dakika hiyohiyo.

Vituo vyenye watumishi wawili au zaidi wanaotumia VPN hukumbana na hali nyingine ya kutatiza: wa kwanza anaingia vizuri, wa pili akijaribu anakwama, au anamkata wa kwanza. Baadhi ya ruta za bei nafuu haziwezi kutofautisha miunganisho miwili ya PPTP au IPsec inayokwenda seva moja. Na kituo kinachotaka kuweka seva yake chenyewe nyuma ya ruta ya laini ya simu kijue kwamba kampuni za simu aghalabu huwagawia wateja wengi anwani moja ya nje. Ruta ikionyesha anwani ya kati ya 100.64 na 100.127, hakuna atakayeweza kuifikia seva hiyo kutoka nje kwa njia ya kawaida, hata milango yote ikifunguliwa.

Sasa kuhusu njia za mkato. Mtu aliyechoka huzima faiawoli yote, VPN ikafunguka, akaiacha hivyo. Kuizima ile ya kompyuta kwa dakika moja ili kupima si kosa, mradi fundi anajua na inawashwa tena. Kuiacha wazi ni kuiweka mashine yenye majina ya wagonjwa hadharani. Wengine hupakua VPN ya bure kutoka kwenye simu wakidhani VPN zote ni moja. VPN hiyo haimfikishi mtu ndani ya hospitali hata kidogo. Humpeleka kwa kampuni asiyoijua. Njia ya pembeni iliyo halali ni ile inayofunguliwa na hospitali yenyewe. OpenVPN inaweza kupangwa ipite mlango 443 wa TCP, na SSTP hupita hapo kwa asili yake. Kasi hupungua kidogo, lakini ruta ambazo zingeifungia njia nyingine huipitisha.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Tena mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliwataka watu na taasisi ambazo kazi zao zinahitaji VPN wajisajili. Mtumishi wa zahanati aulize uongozi wake kama VPN anayopewa imesajiliwa, asibaki na hofu au dhana.

Mgonjwa naye asingoje fundi. Jibu la dharura, kama kiwango cha sukari kilichoshuka mno au damu iliyopungua kupita kiasi, lisomwe kwa simu kati ya maabara na mtabibu, kwa namba ya mgonjwa na kitambulisho cha pili. Anayepokea aandike, kisha alisome tena kwa sauti ili aliyelitoa alithibitishe. Yasiyo ya dharura yanaweza kuchapwa na kuletwa katika bahasha iliyofungwa. Kupiga picha ya majibu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp ni jambo jingine. Ujumbe wenyewe umesimbwa ukiwa njiani, ila picha hubaki katika simu ya kila aliyemo kundini, pamoja na aliyehama kituo na aliyemwazima mtoto wake simu. Mgonjwa ana haki ya kuuliza majibu yake yatapita njia gani, na mtumishi asione swali hilo kuwa ni ujeuri.

Fundi anapopigiwa simu, apewe maelezo anayoweza kuyafanyia kazi. Daftari dogo kando ya kompyuta linatosha, na maandishi yenyewe yawe ya aina hii: Jumanne, saa 4:20 asubuhi. Ruta ya ofisi: kurasa za kawaida zinafunguka, VPN imekaa kimya sekunde 40, kosa 809. Intaneti ya simu, kompyuta ileile: VPN imeingia. Mwenzetu wa kituo cha pili: ameingia. Tarehe ya kompyuta ni sahihi. Juzi ruta ilibadilishwa.