Kumaliza Kidato cha Nne: Maneno kwa Wazazi, Walezi na Waajiri wa Elerai

Tangu mwezi wa Januari 2016, mzazi wa Tanzania Bara aliye na mtoto katika shule ya sekondari ya serikali, kuanzia Kidato cha Kwanza hata cha Nne, hadaiwi ada. Na zile shilingi 20,000 kwa mwaka alizokuwa akitozwa mwanafunzi wa kutwa zimebaki kuwa habari ya zamani. Kabla ya hapo, kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, wananchi walihimizwa kujenga shule katika kila kata, hata kijana wa Ngarenanyuki au Oldonyosambu, ambaye baba yake alilazimika kugombea nafasi chache za shule kama Ilboru pamoja na watoto wa nchi nzima, akaweza kusoma karibu na kwao. Yamkini msomaji akadhani kwamba, ada ikiisha kuondolewa na shule ikiisha kujengwa, hapana tena sababu ya kijana kukatiza masomo. Lakini wapo wengi walioingia Kidato cha Kwanza kwa furaha na sare mpya, ambao majina yao hayakuitwa siku ya mtihani wa mwisho.

Husemwa mara kwa mara, hasa na sisi watu wa mjini, kwamba mzazi wa kijijini haijui thamani ya elimu. Kauli hii hatuiafiki. Wameru walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, ili ardhi yao wapewe walowezi, walichanga fedha zao na mwaka uliofuata wakampeleka Kirilo Japhet hadi New York, akaeleze dhuluma ile mbele ya Umoja wa Mataifa. Na watu waliopata kumtuma mwenzao avuke bahari kwenda kujadiliana na mataifa juu ya hati na mikataba hawahitaji kufundishwa na kijitabu faida ya kusoma. Linalomshinda mzazi ni jambo jingine, nalo ni hesabu ya kila siku.

Ijapokuwa ada imeondolewa, haikuondolewa pamoja nayo gharama ya viatu, madaftari, sare na chakula cha mchana, wala urefu wa njia. Mwanafunzi anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi magharibi, akiwa hakutia kitu tumboni isipokuwa chai ya asubuhi, hawezi kulaumiwa akisinzia kipindi cha alasiri. Na wazazi wakimpangia chumba karibu na shule, kile ambacho vijana wenyewe hukiita geto, humwokoa na mwendo lakini humtia katika hatari nyingine, kwani binti wa miaka 15 anayekaa peke yake, asiye na mzee wa kumwangalia wala unga wa kutosha hadi mwisho wa wiki, huwa karibu sana na mtu mwenye pesa na nia mbaya. Ukame nao, unapoingia nyanda za chini ya Meru, huwatoa wavulana madarasani kufuata mifugo inakopelekwa malishoni, na wengine husikia habari za tanzanaiti ya Mirerani wakaenda kujaribu bahati.

Lakini katika sababu zote tunaiona moja kuwa nzito kuliko inavyokiriwa. Mwanafunzi huyu amesoma miaka 7 kwa Kiswahili, na wengi wa mashambani hicho Kiswahili chenyewe walikikuta shuleni, baada ya kulelewa katika Kimeru au Kimaasai. Kisha, katika muda wa likizo moja, hisabati, baiolojia na jiografia zote hugeuka kuwa Kiingereza, mwalimu akauliza naye akanyamaza, si kwa ujinga bali kwa kukosa maneno ya kujibia. Hunyamaza hivyo miaka miwili, mpaka ufike Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, ambao asiyefikia kiwango hurudia darasa. Na kurudia huku, kwa mvulana wa miaka 17 ambaye wenzake wa rika wamekwisha kutahiriwa na kuhesabiwa watu wazima, wengine wakiendesha pikipiki, ni fedheha asiyoweza kuistahimili. Ndipo huteremka mjini.

Naye akiteremka, hufikia kwetu. Elerai ni kata ya Jiji la Arusha, na katika nyumba zetu, vibanda vya mama lishe, gereji na vituo vya bodaboda hufanya kazi vijana waliotoka vijijini kabla ya kumaliza. Tunawapokea kwa huruma, au tunajidai kuwa ni huruma, huku tukijua kwamba ujira wao ni mdogo kuliko wa mtu mzima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na hata aliyezidi umri huo, akiwa bado mwanafunzi, kazi isimzuie kuhudhuria shule. Kadhalika, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa mwanamume ampaye mimba mwanafunzi, na kumwoza mwanafunzi ni kosa vilevile, ijapokuwa mahari imekwisha kupokewa na wazee wameridhiana.

Aliyekatiza masomo kwa sababu ya uzazi anaruhusiwa kurudi katika shule ya serikali tangu Novemba 2021, na mzazi aende kwa mkuu wa shule au Afisa Elimu Kata pasipo kuona haya. Aliyepita umri wa kukaa darasani na wadogo zake anaweza kusoma kwa njia mbadala kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, au kufanya mtihani wa maarifa, unaojulikana kwa jina la QT, ambao akiufaulu hupata ruhusa ya kufanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kujiandikisha huanza mapema katika mwaka. Mwajiri aliye na kijana wa namna hii nyumbani au dukani kwake amuulize alifika kidato gani, aambatane naye hadi kituo cha kuandikisha, na amwachie wasaa wa kuhudhuria vipindi bila ya kumkata mshahara.