Bei ya Mtiki Ikikushinda, Tazama Kihambani

Mteja anaingia karakanani hapa Moshi, Pasua au Majengo, na picha kwenye simu: meza ya chakula ya watu sita, yote mtiki. Fundi anapiga hesabu, anataja bei, mteja anaaga na harudi tena. Au fundi anashusha bei ili asimpoteze, anafanya kazi wiki tatu, kisha anagundua kwamba faida yote imebaki kwa muuza mbao. Wote wawili wameumia bila sababu, kwa maana nusu ya meza ile haikuhitaji mtiki hata kidogo.

Mtiki ni ghali kwa sababu za kweli. Haustawi kwenye baridi ya miteremko yetu. Hupenda joto la nchi za chini. Mashamba makubwa ya Serikali yako Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, na mti hukaa shambani miaka ipatayo 30 ndipo uvunwe. Wakala wa Huduma za Misitu huuza mitiki hiyo kwa mnada, na hapo fundi wa Moshi anashindana, bila kujijua, na wanunuzi wanaosafirisha mbao mpaka India. Ongeza upasuaji, usafiri na mikono ya madalali. Bei hiyo huwezi kuishusha. Unachoweza ni kununua mtiki kidogo, kuuweka panapostahili, na kazi iliyobaki kuifanya kwa miti inayokua karibu nawe.

Pima kabla ya kulipa

Mbao zetu huuzwa kwa jina: "mbili kwa sita, futi kumi na mbili." Jina si kipimo. Nenda na futikamba, kisha tafuta futi za ujazo: zidisha upana na unene kwa inchi, zidisha na urefu kwa futi, gawanya kwa 144. Ubao wa 2 kwa 6 wa futi 12 ni futi moja kamili ya ujazo. Ukiupima ukakuta ni inchi 1¾ kwa 5½, umepewa futi 0.8. Moja ya tano ya pesa yako imelipia hewa. Linganisha wauzaji kwa bei ya futi ya ujazo, wala usilinganishe kwa bei ya ubao.

Kisha tazama kichwa cha ubao. Ubora wa mtiki uko kwenye kiini chenye rangi ya kahawia ya dhahabu. Sehemu nyeupe ya pembeni, iliyokuwa chini ya gome, huliwa na wadudu kama mbao nyingine yoyote, na mitiki iliyovunwa michanga huwa nayo nyingi. Usilipe bei ya kiini kwa weupe.

Mtiki mahali pake

Mtiki una mafuta yanayozuia maji na mchwa, na ukishakauka hautanuki wala kusinyaa sana. Basi upeleke kwenye maji, jua na macho ya watu: fremu za madirisha, mlango wa mbele unaopigwa na mvua, uso wa meza, ubao wa kichwani mwa kitanda. Miguu ya meza, mbavu za kitanda, droo na mgongo wa kabati havihitaji. Kwa chaga za kitanda, saiprasi kutoka mashamba ya West Kilimanjaro inatosha kabisa, mradi imekauka.

Kabla ya kununua, andika orodha ya kila kipande, na mbele yake uandike: maji, jua, macho, au ndani tu. Vile vya "ndani tu" viondoe kwenye hesabu ya mtiki. Mpe mteja bei mbili, ya mtiki mtupu na ya mchanganyiko, umweleze kila mti utakaa wapi. Wengi huchagua ya pili wakielewa sababu.

Mbao zilizoko kihambani

Panda Uru, Kibosho au Marangu utazame juu ya migomba na kahawa ya kihambani. Miti mirefu ile ya kivuli, mingi ni migrivea, iliyotoka Australia na kuzoea mlima huu kama kwao. Ndani ya miaka kama 20 huwa tayari kwa msumeno. Mbao yake ina rangi ya waridi inayokolea kuwa kahawia, na ikipasuliwa kuelekea kiini hutoa madoa yanayong'aa kama hariri. Mwambie mpasuaji mapema ni mbao zipi unazitaka hivyo. Mgrivea hauvumilii mchwa wala mvua, na vitobo vya wadudu ni adui wake, kwa hiyo ubaki ndani ya nyumba na upakwe dawa ya mbao.

Wa pili ni mringaringa, mti wa asili wa huku. Ni mwepesi kuchongwa, una kiini chekundu cha kahawia, unapendeza ukipigwa msasa, na hustahimili wadudu kuliko mgrivea. Ukiupata mnyoofu, uutengenezee milango ya kabati na viti.

Msitu wa mlima usiuguse. Mseri wa juu huko ni mbao nzuri mno, lakini msitu ule ndio unaotunza maji ya mifereji yetu, na tangu 2005 umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Ubao wa mseri usio na karatasi ni hasara inayokungoja.

Hata mti wa kihambani una taratibu zake. Anza ofisi ya kijiji, kisha ofisi ya misitu ya wilaya. Pata kibali cha kukata, na hati ya kusafirishia mbao kabla hazijapanda gari. Tunza risiti zote.

Kukadiria mti, pima mzunguko wa gogo katikati. Kwa mita, zidisha mzunguko kwa wenyewe, zidisha na urefu, gawanya kwa 12.6. Gogo la mzunguko wa mita 1.5 na urefu wa mita 4 lina mita za ujazo 0.7 hivi. Nusu ikitoka kuwa mbao, unapata kama mbao 12 za 2 kwa 6 za futi 12. Kwa msumeno wa mnyororo hata nusu huenda isifike, kwa kuwa mnyororo wake hula unene mkubwa kila unapopita. Mafundi watatu mkichanga, mnaweza kulipia mashine yenye msumeno mwembamba.

Usiharakishe kukausha

Hapa ndipo mgrivea ulipopata jina baya. Kabati langu la kwanza la mgrivea lilipendeza siku ya kulipeleka. Mwezi wa pili milango haikufunga. Mbao haikuwa na kosa. Nilikuwa nimeipasua na kuitumia mbichi.

Panga mbao kivulini penye upepo, futi moja na nusu juu ya ardhi. Kati ya tabaka na tabaka weka fito za inchi moja, kila sentimita 50, zikae mstari mmoja toka chini hadi juu. Paka vichwa vya mbao rangi ya mafuta ili visipasuke, weka mawe juu, andika tarehe kwa chaki. Ukipanga masika yanapoisha, Juni, una kiangazi chote mpaka Oktoba. Teua ubao mmoja mfupi uupime uzito kila wiki. Uzito usipopungua kwa wiki tatu mfululizo, ingiza mbao karakanani zikae wiki mbili nyingine kabla ya randa.

Mezani kwa fundi

Mafuta ya mtiki hukataa gundi: futa sehemu ya kiungo kwa spiriti, iache ikauke, gundisha saa hiyohiyo. Mtiki pia hufanya makali kuwa butu upesi, basi noa mara kwa mara. Uso wa mtiki juu ya fremu ya mgrivea usiubane kwa gundi. Tumia skrubu kwenye matundu marefu, kwa kuwa miti hiyo haitanuki sawa. Funika pua na mdomo unapopiga msasa.

Mwisho, usipake mgrivea rangi ukauuza kwa jina la mtiki. Andika kwenye risiti: uso mtiki, miguu mgrivea. Meza hiyo ikidumu, majirani watauliza imetengenezwa kwa nini, na mteja atataja miti yote miwili bila aibu. Siku hiyo mgrivea wa kihambani utaanza kupata heshima yake, na wewe utakuwa na rundo lililokauka tayari.