Wavu wa Mtu, Jasho la Mwingine: Samaki ni wa Nani?

Kwetu Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, chisense huvuliwa usiku kwa taa. Mara nyingine mtumbwi una mwenyewe, wavu una mwenyewe, na mvuvi hana ila mikono yake. Asubuhi nani achukue kiasi gani?

Mafakihi walilijadili. Ibn Qudama (aliyefariki 620 H), katika Al-Mughni, anamtaja mtu anayempa mvuvi wavu kwa makubaliano ya nusu kwa nusu. Kauli anayoitanguliza: samaki wote ni wa mvuvi, na mwenye wavu apewe ujira wa mfano, yaani kodi ya kawaida ya wavu kama huo. Kisha anasema kwamba, kwa kukisia yaliyopokewa kwa Imam Ahmad, ushirika huo unasihi na wagawane walivyoshartiana.

Tofauti huonekana usiku wa mkosi. Kwa kauli ya kwanza, mvuvi aliyerudi mikono mitupu bado anadaiwa kodi. Kwa ya pili, wote hukosa pamoja. Mimi naona ya pili inamhurumia zaidi mnyonge.

Lakini fungu lipi ni la haki? Mwaka 1953 Mmarekani Lloyd Shapley alitoa kanuni: pangeni kila utaratibu wa washirika kuingia mmoja mmoja, tazameni kila aingiapo ameongeza nini, kisha mchukue wastani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wote watatu hupata ndoo 12. Mvuvi na wavu, ufukweni bila mtumbwi, hupata 6. Vinginevyo hakuna kitu. Taratibu ni 6. Mtumbwi huongeza ndoo 6 katika taratibu 2 tu, ukiingia wa mwisho: 12 ÷ 6 = 2. Mvuvi huongeza 12 mara mbili na 6 mara moja: 30 ÷ 6 = 5. Wavu vilevile 5. Basi hapa mwenye mtumbwi akidai nusu, amezidisha.

Kanuni hii si hukumu ya sheria. Ni mizani ya kushauriana kabla ya kushusha wavu. Na sharti liwe sehemu, mfano 5 kati ya 12, si idadi maalumu ya ndoo, kwani huenda ndoo hizo zisipatikane, au zikawa ndizo zote zilizopatikana.

Wallaahu a'lam.