Kutoka Jukwaani Hadi Jikoni: Mwongozo wa Mashindano ya Biashara ya Nishati Safi kwa Wanafunzi wa Meru na Embu

Kijitabu hiki ni cha nani

Kimeandikiwa wanafunzi wa vyuo vikuu, vyuo vya kiufundi na shule za upili katika kaunti za Meru na Embu wanaojiandaa kwa mashindano ya biashara ya nishati safi. Kitawafaa pia walimu walezi, na wazazi wanaoombwa nauli na pesa za vifaa. Shabaha yake ni moja: timu ijue kabla ya kupanda jukwaani kama kuna mtu aliye tayari kulipia inachotengeneza.

Tatizo letu liko wapi hasa

Mabwawa ya Seven Forks yamefuatana kwenye Mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, na Gitaru pekee ina uwezo wa megawati 225. Ukijumlisha mvuke wa ardhini, upepo na jua, umeme mwingi wa gridi ya Kenya tayari unatokana na vyanzo safi.

Jikoni mambo ni tofauti. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 55.1 ya kaya nchini hupika hasa kwa kuni, na vijijini hali ni nzito zaidi. Moshi huo unavutwa na mama anayepika na mtoto aliyembeba.

Kwa hiyo timu ya Nchiru au ya Embu haihitaji kubuni paneli mpya ya sola ili iwe na la maana. Fursa ziko karibu: shule za bweni zinazonunua kuni kwa lori, viwanda vya chai vinavyochoma magogo kwenye boila, maziwa yanayoharibika kabla ya kufika kwenye kipozeo, maembe ya Mbeere yanayooza msimu ukifika, na wakulima wanaomwagilia kwa pampu za petroli. Malighafi nayo ipo: maganda ya makadamia, maganda ya kahawa, samadi ya ng'ombe wanaofugwa zizini, na pumba za mpunga kutoka kwa majirani zetu wa Mwea.

Mashindano yaliyopo

*Enactus* hukutanisha timu za vyuo vikuu zenye miradi ya kuinua maisha ya jamii. Mshindi wa kitaifa huiwakilisha Kenya kwenye mashindano ya dunia.

*Hult Prize* huanzia chuoni na kupanda hadi ngazi ya kimataifa, ambako zawadi kuu ni dola milioni 1 za Marekani.

*Kenya Climate Innovation Center*, kituo kilichozinduliwa Nairobi mwaka 2012, hulea biashara changa za nishati, maji na kilimo. Timu ikishapata wateja wa kwanza, inafaa ibishe hodi huko.

*Maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule za upili* hupanda ngazi hadi taifa. Mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kuanzia hapo.

Zawadi huwa mwanzo tu wa safari. Taa za sola za d.light, ambazo zimeingia katika nyumba nyingi za vijijini Kenya, zilianzia darasani. Sam Goldman na Ned Tozun walikutana wakiwa wanafunzi wa Stanford, Marekani, na mwaka 2007 wakashinda shindano la mitaji lililowapa dola 250,000. Kabla ya hapo, Goldman alikuwa ameishi kijijini Benin na kuona jinsi taa ya mafuta ilivyomuunguza mtoto wa jirani. Shida aliijua kabla ya kuingia darasani.

Jifunzeni kwa waliotangulia hapa kwetu

Katika kijiji cha Mbuiru, sehemu iliyokuwa Meru Kusini na sasa ni Tharaka Nithi, wanakijiji wapatao 200 waliungana katika mradi wa Tungu-Kabiri. Walijenga mtambo mdogo wa maji wa kilowati 18 wakisaidiwa na Wizara ya Nishati, wafadhili na wataalamu. Wao wenyewe walichimba, wakabeba mawe, na wakanunua hisa. Mtu aliyeweka pesa yake na jasho lake hulinda mtambo.

Kiwanda cha chai cha Imenti nacho kilijenga mtambo wa maji wa takriban kilowati 900. Kinatumia umeme wake, na kiliingia mkataba wa kuiuzia Kenya Power ziada chini ya sera ya bei maalumu ya mwaka 2008. Mteja wa kwanza wa mtambo ni kiwanda chenyewe. Timu yoyote inayopanga kuzalisha nishati inapaswa kuweza kumtaja mteja wake wa kwanza waziwazi namna hiyo.

Anzeni na jaribio la jikoni

Tuseme mnataka kuiuzia shule briketi za maganda ya makadamia badala ya kuni. Msianze kwa kuandika hotuba. Ombeni ruhusa kwa mwalimu mkuu, kisha nendeni kwa mpishi alfajiri, kabla hajawasha moto.

1. Pikeni githeri, si chai. Mahindi makavu na maharagwe huhitaji moto wa muda mrefu, na hapo ndipo udhaifu wa briketi hujulikana.
2. Tumieni sufuria ileile na kiasi kilekile cha chakula, siku moja kwa kuni na siku nyingine kwa briketi.
3. Pimeni uzito wa kuni na briketi kabla ya kupika, na pimeni kilichobaki baadaye.
4. Andikeni saa moto ulipowashwa, saa maji yalipochemka, na saa chakula kilipoiva.
5. Mwulizeni mpishi: moto ulishika haraka? Aliuchochea mara ngapi? Majivu yalimsumbua? Mwandike jibu lake hata likiwa chungu.

Bei ya kilo moja pekee haiambii shule chochote. Kinachohesabiwa ni gharama ya sufuria moja iliyoiva.

Hesabu inayoangusha timu nyingi

Huu ni mfano wa kujifunzia. Tumieni bei za eneo lenu.

Kutengeneza kilo moja ya briketi: maganda shilingi 4, usafiri 5, vibarua na umeme 9, magunia 2. Jumla ni shilingi 20. Mnauza kwa shilingi 28, faida ni shilingi 8.

Shule inatumia kilo 3,000 kwa mwezi na hulipa mwisho wa muhula, baada ya miezi mitatu. Mtapeleka kilo 9,000. Mtatumia shilingi 180,000 kabla ya kupokea hata senti moja. Mwishowe mtalipwa shilingi 252,000, faida ikiwa 72,000.

Sasa fikirieni timu iliyoshinda zawadi ya shilingi 100,000. Biashara ina faida, mteja yupo, lakini pesa zitaisha katikati ya muhula. Dawa yake ni kupatana mapema: shule ilipe nusu mzigo ukifika, au mwanze na mikahawa midogo inayolipa kila siku, au mchukue mkopo kupitia sacco mkiwa na barua ya oda mkononi. Kumbukeni pia msimu wa mvua, briketi zisipokauka, na likizo, shule isiponunua.

Lindeni kazi yenu

*Wekeni maandishi mapema.* Andikeni nani ana hisa ngapi, nani anaendelea baada ya kuhitimu, na anayeondoka anapata nini. Miradi mingi ya wanafunzi hufa mwaka wa nne kwa sababu jambo hili halikuzungumzwa.

*Sajilini biashara* kupitia eCitizen mara mnapoanza kuuza.

*Kama mmebuni kifaa kipya,* fikeni KIPI, taasisi inayosajili hataza, kabla ya kukionyesha hadharani. Hataza nchini Kenya hudumu miaka 20. Someni pia masharti ya shindano ili mjue kama mnaachia haki yoyote.

*Zingatieni sheria.* Anayefunga mitambo ya sola anahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati. Bidhaa za kuuzwa sokoni hupimwa kwa viwango vya KEBS.

*Mkiombwa ada kwa simu ili "kulinda nafasi yenu",* msitume pesa kabla ya kuuliza chuo au shule yenu.

Maswali ambayo majaji watauliza

- Mteja wenu anatumia nini leo, na kinamgharimu kiasi gani kwa mwezi?
- Wangapi wameshalipa, si kusema tu kwamba wamependa?
- Kifaa kikiharibika Igembe au Siakago, fundi ni nani na atafika baada ya muda gani?
- Malighafi ikipanda bei mara mbili, mtafanyaje?
- Msiposhinda leo, kesho asubuhi mtafanya nini?

Swali la mwisho ndilo zito. Timu yenye wateja hulijibu bila kusita, kwa sababu kesho ina mzigo wa kupeleka.

Fanyeni hivi muhula huu

Wiki mbili za kwanza, zungumzeni na wateja 20 na mwandike kiasi cha pesa wanachotumia kununua nishati. Wiki ya tatu, chagueni tatizo moja. Kufikia nusu muhula, fanyeni jaribio mbele ya mteja. Kabla ya muhula kufungwa, uzeni kwa pesa halisi, hata kama ni gunia moja, na mtoe risiti. Mkishafika hapo, jazeni fomu ya shindano. Mtakuwa na hesabu zenu wenyewe za kueleza, na jamii yenu itakuwa imeanza kufaidika kabla majaji hawajatoa alama.