Mtu Atamaniye Kuamini, Naye Hawezi

Somo kwa walimu na wasomaji wote. Soma kwanza Marko 9:14-29.

Wako watu wa namna tatu ambao mwalimu huwakuta katika kazi yake. Wa kwanza huamini, naye hufurahi. Wa pili haamini, wala hana haja ya kuamini. Wa tatu haamini, lakini moyo wake watamani kuamini. Huyu huja kanisani na kuketi nyuma karibu na mlango. Husikia wengine wakiimba, akawaonea wivu. Huona mjane akizika mwanawe na kurudi nyumbani mwenye tumaini, akajiuliza, "Mama huyu amelipata wapi?" Ukimwuliza habari zake kwa upole, atakuambia, "Ninyi mnacho kitu ambacho mimi ningekinunua kwa ng'ombe zangu zote, lakini hakiuzwi."

Mtu huyu wa tatu ndiye tunayetaka kumtafakari katika somo hili, maana mara nyingi sisi tuliopewa kazi ya kufundisha hatujui la kumjibu. Mmoja wetu humkemea, akisema moyo wake ni mgumu. Mwingine humhimiza akiri kwa kinywa tu, ati moyo utafuata baadaye. Mwingine humtwika hoja juu ya hoja. Mwisho yule mtu hunyamaza, nasi twadhani ameshinda shaka yake. Kumbe amejifunza kuificha.

1. Baba wa mtoto mgonjwa

Baba tusomaye habari zake katika Marko hakumjia Bwana Yesu na imani timilifu. Alikuwa amekwisha kumleta mtoto kwa wanafunzi, nao wameshindwa. Kwa hiyo aliposema na Bwana, alisema kama mtu asiye na hakika kwamba atasaidiwa. Bwana alipomwonyesha ya kuwa jambo lenyewe lahusu kuamini, baba yule hakujitia ushujaa. Alipaza sauti akakiri mambo mawili kwa pumzi moja: ya kwamba anaamini, na ya kwamba kutokuamini kumo ndani yake bado. Akaomba msaada juu ya kule kutokuamini.

Angalieni sana jambo hili. Bwana hakumwambia, "Nenda kwanza ukazimalize shaka zako, ndipo urudi." Mtoto aliponywa saa ile ile. Tena angalieni hali ya wanafunzi. Bwana alipowafikia, waandishi walikuwa wakihojiana nao, na baba huyu yumo katikati ya mkutano na taabu yake. Mahojiano yalikuwa mengi, na mwenye shida hajasaidiwa bado. Je, haiwi vivyo hivyo kwetu?

2. Mhubiri aliyejiona hana imani

Labda mtu atasema, "Haya huwapata wageni tu, wasiolijua Neno." Sivyo. John Wesley, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1703, alikuwa kasisi tangu mwaka 1728. Alifunga, alisali, aliwatembelea wafungwa. Mwaka 1735 alipanda merikebu kwenda Georgia, iliyo leo katika Marekani, ili akawahubirie watu wa huko. Ndani ya merikebu walikuwamo Ndugu Wamoravian kutoka Ujerumani, wale wale ambao baadaye, mwaka 1891, walituma wamisionari wao Rungwe, katika nchi ya Wanyakyusa.

Siku ya 25 Januari 1736 dhoruba kubwa ilipiga. Wale Ndugu walikuwa wakiimba zaburi. Bahari ikaifunika merikebu, tanga kubwa likapasuka, maji yakamiminika ndani. Waingereza wengi walipiga kelele kwa hofu. Wamoravian wakaendelea kuimba. Baadaye Wesley alimwuliza mmoja wao kama hakuogopa. Akajibu kwamba hakuogopa, wala wanawake na watoto wao hawakuogopa kufa. Wesley alitambua ya kuwa wale walikuwa na kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa hana, ijapokuwa alikuwa amesoma kuliko wao.

Alirudi Uingereza mwaka 1738 mwenye huzuni. Mwezi wa Februari mwaka ule alikutana na kijana wa Kimoravian, jina lake Peter Böhler. Wesley alikuwa na umri wa miaka 34, na Böhler 25. Lakini mkubwa hakuona haya kumfunulia mdogo moyo wake. Alimweleza ya kuwa amejiona hana imani, tena akamwuliza, je, haifai aache kuhubiri? Maana awezaje kuwahubiria wengine, naye mwenyewe hana? Böhler alimkataza kuacha. Alimshauri aihubiri imani mpaka atakapoipata. Na akiisha kuipata, ataihubiri kwa sababu anayo.

Jioni ya 24 Mei 1738 Wesley alikwenda katika mkutano mdogo, mtaa wa Aldersgate, mjini London. Ameandika mwenyewe ya kuwa alikwenda bila kutaka. Pale palikuwa na mtu akisoma maneno ya Martin Luther, dibaji ya Waraka kwa Warumi. Ilipokaribia saa tatu kasorobo ya usiku, wakati yalipokuwa yakisomwa yale ambayo Mungu huyafanya moyoni kwa imani katika Kristo, Wesley alisikia moyo wake unapata joto, akamtumaini Kristo.

Ndugu, tuipime habari hii. Wesley alikuwa amejitahidi miaka mingi asipate. Akapata alipokuwa ameketi tu, akisikiliza wengine wakisoma. Mtume Paulo amekwisha kutufundisha ya kuwa imani chanzo chake ni kusikia (Warumi 10:17).

Lakini tusiikate habari katikati. Baada ya siku ile Wesley hakuwa bila mashaka. Mwezi wa Januari 1739 aliandika kwamba hajawa Mkristo bado. Hata mwaka 1766, alipokwisha kuwa mzee anayejulikana nchi nzima, alimwandikia ndugu yake Charles barua ya siri na kukiri kwamba hajapata kuamini kama Mkristo apaswavyo. Wala hakuacha kazi yake.

3. Tunalolikiri sisi wenyewe

Sasa tufungue Katekisimo Ndogo, ambayo Luther aliitoa mwaka 1529. Katika maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani, mtoto wa kipaimara hufundishwa kukiri jambo la ajabu: ya kwamba kwa akili zake na nguvu zake mwenyewe hawezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia, bali Roho Mtakatifu amemwita kwa Injili. Basi, ndani ya neno "naamini" limo neno "siwezi." Tumelikariri mara nyingi hata hatulisikii tena.

Kwa hiyo mtu atujiaye akisema, "Nataka kuamini lakini siwezi," amekwisha kusema nusu ya yale tuyakiriyo sisi. Tofauti iliyopo kati yake na sisi si kwamba yeye alishindwa nasi tukaweza. Sisi nasi hatukuweza, tulipewa. Mwalimu akumbukaye jambo hili hawezi kumdharau mtu huyu, kama vile aliyevushwa mtoni kwa mtumbwi asivyoweza kumcheka aliye ng'ambo akingoja.

Hata hivyo tusiseme ya kuwa kutamani ndiko kuamini. Njaa si chakula. Lakini maiti haoni njaa. Atamaniye kuamini anayo dalili ya uzima, wala haifai tuizime kwa ukali wetu.

4. Padre aliyenyamaza

Tuseme na habari nyingine, maana si wote waendao njia ya Wesley. Katika Hispania alikuwako mtu mwenye elimu nyingi, Miguel de Unamuno, aliyezaliwa mwaka 1864 katika mji wa Bilbao. Utotoni alishika dini kwa bidii, lakini alipokwenda kusoma Madrid imani ile ilimtoka. Hakufurahia kuipoteza. Usiku mmoja wa mwezi wa Machi 1897 alishikwa na hofu ya kifo, akalia, na mkewe akamkumbatia kama mama amkumbatiavyo mtoto. Alijaribu kurudia sala za utoto wake, lakini shaka haikumwacha. Alibishana nayo katika vitabu vyake mpaka alipokufa siku ya mwisho ya mwaka 1936.

Mwaka 1931 alitoa hadithi ya padre mmoja wa kijiji, aitwaye Don Manuel. Padre huyu alipendwa na watu wote. Aliwatunza wagonjwa, aliwasaidia maskini, aliwafariji waliokufa ganzi kwa msiba. Lakini kulikuwa na jambo moja. Kanisani, watu walipoikiri Imani kwa sauti moja, walipofikia maneno ya ufufuo na uzima wa milele, sauti ya padre ilizama katika sauti za watu, maana alikuwa amenyamaza. Hakuweza kuyasema. Alitamani kuyaamini, lakini hakuyaamini. Naye aliwaficha watu siri hiyo, akiogopa isije ikawaangamiza. Watu wachache tu ndio walioijua.

Hadithi hii ni ya kubuniwa, lakini aliyeitunga aliyajua maumivu yake. Sisi twajifunza humo mambo mawili. La kwanza ni jema: sauti ya kusanyiko humchukua aliyeishiwa na sauti. Asiyeweza leo kuyasema maneno ya Imani, na asimame katikati ya wale wayasemao, ayasikie. La pili ni la huzuni: padre yule alikuwa na waumini wengi, lakini hakuwa na Böhler. Hakuna mwamini mmoja aliyeweza kumwendea na kumwambia, "Sina imani, nifanye nini?" Tena tujiulize: je, katika usharika wetu mtu aweza kulisema neno hilo pasipo kuaibishwa? Ikiwa hawezi, basi huenda wako kina Don Manuel katika viti vyetu, na labda hata katika kiti cha mwalimu.

5. Basi, tufanye nini?

Kwanza, tumpe mtu nafasi ya kusema kweli. Akikuambia shaka yake, usishtuke, wala usiitangaze kwa wazee. Mwulize ilianzia wapi: katika msiba, katika dhambi iliyofichwa, katika kitabu alichokisoma, au katika mwenendo mbaya wa sisi Wakristo. Dawa si moja kwa magonjwa yote.

Pili, tusitumaini hoja peke yake. Blaise Pascal, Mfaransa mjuzi wa hesabu, aliyekufa mwaka 1662, aliacha maandiko yaliyopigwa chapa mwaka 1670. Humo amwonyesha asiyeamini kwa hesabu ya faida na hasara ya kuwa ni heri kuamini: Mungu akiwapo, aaminiye amepata yote, asipokuwapo, hakupotewa na kitu. Lakini Pascal alijua ya kuwa hesabu haitoshi. Amwacha yule mtu ajibu kwamba ameumbwa hivi kwamba hawezi kuamini. Ndipo Pascal amwelekeza kwa watu waliofungwa zamani kama yeye, afuate njia waliyoianza wao. Hoja iliishia mlangoni. Kilichobaki ni kwenda pamoja na watu.

Tatu, tusimlazimishe kusema asichokiamini. Kuja kusikiliza ni jambo moja, kuapa uongo mbele ya Mungu ni jambo jingine. Tusimharakishe kufika kwenye Ubatizo au kipaimara ili hesabu ya mwaka iwe nzuri. Lakini tumkaribishe kwenye ibada, kwenye masomo, kwenye matanga na kwenye furaha zetu, bila kumwuliza kila juma, "Je, umeamini sasa?"

Nne, tumfundishe sala iliyo ya kweli. Hata asiyeamini aweza kusema, "Mungu, sijui kama wanisikia. Ukinisikia, nisaidie." Sala hii ni fupi, tena haina unafiki ndani yake.

Tano, tumngoje. Tomaso alikataa kuamini neno la wenzake (Yohana 20:24-29). Lakini siku nane baadaye, Bwana alipokuja, Tomaso alikuwamo nyumbani pamoja nao. Wenzake hawakumfukuza, wala yeye hakujitenga. Siku zile nane aliketi kati ya watu wenye furaha asiyokuwa nayo. Laiti wangalimtoa nje, Bwana alipoingia asingalimkuta pale. Siku nane za mtu mwingine huenda zikawa miaka nane, au zaidi. Siku si zetu. Kazi yetu ni kumwekea nafasi nyumbani.

Maswali kwa mkutano wa walimu

1. Je, yuko katika usharika wetu mtu aliyenyamaza kwa sababu tulimkemea? Nani atakwenda kumtazama?

2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe: kwa nini neno "siwezi" limo ndani ya neno "naamini"?

3. Wesley alimfunulia Böhler moyo wake. Wewe, mwalimu, imani yako ikipungua, utamwendea nani?

Msilipite swali la tatu upesi. Aliyekwisha kusema mwenyewe, "Nisaidie," ndiye atakayejua kumsaidia ndugu yake aketiye karibu na mlango.