Tulivyoihamisha Tovuti ya Chama

Ikiwa uliwahi kuingia katika maabara yetu ya tarakilishi kabla ya mwaka 2024, bila shaka uliiona ile mashine ya pembeni, karibu na dirisha, iliyobandikwa karatasi yenye maneno "Chama cha Kiswahili, Usizime". Humo ndimo ilimoishi tovuti yetu. Ilikuwa na mashairi, makala za sarufi, picha za safari na midahalo, na kamusi ndogo ya istilahi iliyokusanywa kwa miaka mitatu. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo kubwa: ili uisome, ilikubidi uje uketi mbele ya mashine hiyohiyo. Aliyemaliza kidato cha nne aliyaacha mashairi yake nyuma kama aliyeacha godoro bwenini.

Tena mashine yenyewe ilikuwa imezeeka, ikijizima ovyo. Fundi alipangiwa kuja Jumatatu kuifuta kila kitu na kuipa uhai mpya. Mwalimu mlezi akaniita, mimi katibu, akasema, "Ihamisheni tovuti kabla fundi hajafika." Nikajibu, "Ndiyo, mwalimu," kwa wepesi wa mtu asiyejua anachokikubali.

Kwanza tuelewane. Tovuti yetu iliundwa kwa WordPress, programu ya bure ambayo Matt Mullenweg na Mike Little waliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Yeyote anaweza kuipakua na kuiweka katika mashine yake, pamoja na seva na hifadhidata ya kuiendesha, kisha akaitumia hata intaneti isipokuwapo. Hiyo ni nyumba yako mwenyewe. Ukitaka kubomoa ukuta, bomoa. Sasa ukitaka ulimwengu nao uione, una njia mbili. Ya kwanza ni kukodi nafasi katika seva na kulipia jina, mathalani yale ya shule yanayoishia kwa .sc.ke, ambayo hulipiwa kila mwaka. Mweka hazina wetu aliposikia "kila mwaka" alifunga daftari lake. Ya pili ni kuhamia jukwaa la blogu la bure, ambako unakuwa mpangaji. Hulipi kodi, lakini mwenye nyumba ana kanuni zake. Jukwaa tulilolichagua silitaji, kwani sikuja kulitangaza wala kulisuta.

Kuhama kwenyewe huonekana rahisi ajabu. Ndani ya programu kuna amri ya kutoa makala zote katika faili moja. Unalichukua faili hilo, unalipeleka kwenye jukwaa jipya, unaliingiza. Tulifanya hivyo Jumamosi alasiri. Baada ya dakika chache makala zilikuwa zimefika, pamoja na tarehe na majina ya waandishi. Tukazifungua mojamoja palepale kwenye mashine ya pembeni. Na picha hizo hapo! Tulishangilia hadi waliokuwa wakidurusu chumba cha pili wakatugongea ukuta.

Jioni mwalimu mlezi akaifungua tovuti mpya kwa simu yake. Maandishi yalikuwapo. Mahali pa kila picha palikuwa na kisanduku kitupu. Tukajaribu simu ya bawabu, mambo yakawa yaleyale. Tukarudi mbio maabarani: picha zinang'aa! Wenzangu wawili wakaanza kusema ati simu ndizo mbovu. Mimi mwenyewe nilikaribia kuamini.

Jibu lilipatikana katika sarufi, amini usiamini. Lile faili halibebi picha. Hubeba anwani za picha tu. Jukwaa jipya likishazipokea anwani, hutakiwa liende lenyewe kuzichukua picha huko ziliko. Na anwani zetu zote zilianza kwa localhost, neno ambalo tarakilishi hulielewa kuwa namba 127.0.0.1, yaani "mashine hiihii". Hebu kumbuka somo la viashiria. Mlima Kenya ni mlima uleule, uwe Nyeri ama uwe Lamu. Lakini "hapa" hubadilika kila anapobadilika msemaji. Mwandikie shangazi yako aliye Kitale kwamba picha iko hapa mezani, naye akatafute kwenye meza yake, ataona nini? Localhost si jina la mahali. Ni kiashiria, ndugu yake "hapa". Jukwaa liliambiwa picha ziko hapa, likatafuta kwake, zisiwepo. Simu ya mwalimu ikatafuta ndani ya simu. Ni mashine yetu pekee, yenye picha zenyewe tumboni, iliyotafuta kwake ikazipata. Kwa hivyo ukitaka kujua kama tovuti imehama kweli, usiitazame kwenye mashine ilikotoka. Sisi tulibakiza siku moja tu kabla ya fundi.

Jumapili tulizipakia picha kwa mkono. Kisha nikalifungua lile faili katika programu ya kuandikia maandishi matupu, nikabadilisha kila anwani ya zamani kwa mpya, nikafuta makala zilizotangulia na kuliingiza upya. Hapo napo nilijikwaa. Kwetu picha zilikuwa zimepangwa katika folda za mwaka na mwezi, lakini kwenye jukwaa zote ziliingia folda moja, ile ya mwezi tuliozipakia. Na waliotutangulia walilipenda sana jina "picha1". Tulikuwa na picha1 sita! Jukwaa liliziongezea tarakimu mwishoni ili zisigongane, nami sikuwa na habari. Asubuhi yake makala ya ngeli ya LI-YA yalikuwa yamepambwa kwa picha ya mbuzi wa karamu ya kuwaaga kidato cha nne. Wapo waliodhani ni mtego wa mtihani. Ewe utakayehamisha, yape mafaili majina mapya kabla ya kuyapakia: mwaka, mwezi, tukio.

Hayo ya picha yalitupa jasho, lakini kilichotuuma ni kamusi. Iliendeshwa na programu-jalizi iliyoandikwa na dada mmoja aliyekwisha kumaliza shule. Unaandika neno, unapewa ngeli, wingi na maana yake. Unaweza pia kuomba maneno yote ya ngeli fulani. Maneno hayo, 612, hayakuwa ndani ya lile faili hata kidogo, kwa sababu yalihifadhiwa katika jedwali lake lenyewe la hifadhidata, nayo amri ya kutoa hushughulika na makala na kurasa. Ilibidi tulitoe jedwali peke yake, usiku wa Jumapili, kwa ruhusa maalum ya bwana wa zamu.

Na hata tulipolipata, jukwaa halipokei programu za wageni. Sababu yake inaeleweka. Katika seva hizo tovuti nyingi hukaa pamoja, na programu moja mbovu huweza kuwadhuru majirani. Ni kama bwenini: sanduku lako unaingia nalo, jiko la umeme huingii nalo. Hata hivyo tulibishana sana. Mwenzangu mmoja alisema bora kamusi ife na mashine kuliko kuigeuza orodha. Sikukubaliana naye, ingawa alikuwa na haki ya kuona uchungu. Tuliyapanga maneno katika kurasa kwa herufi, A hadi Z, na msomaji hutafuta kwa kile kitufe cha kutafuta ndani ya kivinjari. Kuyaomba kwa ngeli hakuwezekani tena. Nimeyapanga upya yale ya ngeli ya U-ZI kwa mkono. Nyingine zinamngoja mwenye subira.

Zimebaki sauti. Tulikuwa na ngano kumi na moja zilizosimuliwa na wazee wa kijiji jirani, na nafasi ya bure tuliyopewa haikubali mafaili ya sauti. Tumezinakili katika diski mbili, pamoja na lile faili na jedwali la kamusi. Moja iko ofisini, nyingine katika kabati la mwalimu mlezi, rafu ya pili. Anayetaka kuzisikiliza na aje Ijumaa baada ya michezo.